Altrasaundi ya mkononi wodini: tuanzie wapi?
Daktari, umeuliza kama altrasaundi ya mkononi inaweza kuchukua nafasi ya eksrei ya kifua baada ya upasuaji. Kwa maji na hewa iliyonaswa kifuani nje ya pafu, mara nyingi ndiyo. Mgonjwa akiwa amelala chali, eksrei huikosa hewa ambayo altrasaundi inaiona. Weka kichwa cha mashine mbele ya kifua, katikati ya mbavu mbili, utazame ule mstari mweupe wa utando wa pafu. Mstari ukiteleza kila anapovuta pumzi, basi hapo ulipopima hakuna hewa. Usipoteleza, usikimbilie kuweka mrija wa kifua wa kutoa hewa hiyo: pafu lililogandana na ukuta wa kifua halitelezi, na mrija wa kupumulia ukizama upande wa kulia, pafu la kushoto hutulia. Tafuta pale kuteleza kunapoishia. Ukipaona, hiyo ni hewa kweli. Ikishatapakaa chini ya ngozi, ile inayochakarika ukibonyeza, huoni kitu, mpeleke eksrei tu. Mimi ningeanza na wanaotolewa mrija wa kifua: pima kabla na baada, linganisha na eksrei mpaka mkono uzoee. Na jeli ya kupaka kwenye ngozi unapopima iagizwe ya kutosha, maana ndiyo huisha kwanza.