Waridi la jangwani: majani tele, maua hakuna, kitako kinalegea

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Waridi la jangwani ulilinunua likiwa na maua, ukaliweka barazani kivulini, ukawa unalimwagilia kila jioni pamoja na maua mengine. Sasa limejaa majani, maua hayaonekani, na lile shina nene la chini limeanza kulegea. Maua yaache kwanza, tuokoe kitako.

Kibonyeze kwa kidole gumba kuzunguka chote. Kikiwa kimenywea kila upande lakini ngozi ni ngumu, hiyo ni kiu tu, na kwa umwagiliaji wako huo sidhani. Kikibonyea upande mmoja kama embe lililopitiliza, ngozi ikateleza na maji ya kahawia yakachuruzika, huo ni uozo. Ling'oe leo leo. Kung'uta udongo wote, chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, kata nyama ya kahawia mpaka ufike kwenye nyeupe safi. Futa kisu tena kila baada ya kukata. Usione huruma, maana doa dogo likibaki litaendelea kula ndani kwa ndani huku juu majani yanakuchekea. Kidonda kipake unga wa mkaa au dawa ya ukungu, kisha uning'inize mmea kivulini penye hewa mpaka kikauke kabisa. Itachukua wiki, pengine zaidi. Hapo ndipo wengi wanaingiwa na hofu na kuurudisha kwenye udongo mbichi. Akiba yake ya maji imo humo humo kitakoni. Mimi nina mmoja ulining'inia dirishani mwa stoo hadi jani la mwisho likapukutika, na nilipoupanda ukatoa macho mapya kila tawi.

Udongo mweusi wa bustani sahau. Ninachotumia ni mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo zilizochekechwa, hizo ndizo nyingi, halafu samadi iliyooza vizuri kidogo tu. Mwaga maji juu: yakituama badala ya kuzama papo hapo, ongeza kokoto. Chungu cha udongo, kipana kuliko kirefu, chenye matundu ya kweli, nakipenda kuliko plastiki kwa sababu kinakauka haraka. Ukishapanda kaa siku kadhaa bila kumwagilia, majeraha ya mizizi yafunge.

Sasa maua. Mmea huu ni wa kwetu, unaota wenyewe kwenye mawe na mchanga wa nyika za Tsavo, Samburu na Baringo, Kenya, na mara nyingi utaukuta umechanua waridi tupu wakati wa ukame, hauna hata jani. Wewe umeupa kivuli na maji ya kila siku, nao unafanya kazi ya majani. Upe jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, ila uhamishe kidogo kidogo, maana kitako kilichozoea kivuli huungua. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha hadi udongo ukauke. Chomeka kijiti: kikitoka na unyevu, ndoo irudi ndani. Siku za baridi na mawingu punguza zaidi. Mbolea yenye nitrojeni nyingi iweke mbali. Na upogoe, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga. Tawi moja ukilikata kwa kawaida linatoa mawili au zaidi.

Utomvu wake ni sumu ya kuchezea moyo, wawindaji wameupaka kwenye mishale tangu zamani. Vaa glavu, usijipanguse macho, na mabaki uliyokata yafukie mbali na watoto na mifugo.

Kuna aliyeuliza kuhusu kuotesha kwa vijiti vya matawi. Vinashika, lakini kitako kinene cha kuvutia utakipata kwa mbegu. Maganda ya mbegu huja mawili mawili mfano wa pembe. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, kwani kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo haukuombi ruhusa. Panda zikiwa mbichi, ndani ya wiki moja hivi utaona kitu. Rangi ya mama haina uhakika kwa mbegu, ukiitaka ile ile bebesha kikonyo chake juu ya mche. Tafadhali msiende kuchimba ya porini. Mzee wa miaka mingi akikatwa mizizi mara nyingi huozea kwenye chungu, na nyika inabaki na shimo.

Ukishakata weka picha ya kidonda hapa, karibu na mwangaza, tuone kama kweli umefika kwenye nyeupe.