Kusubiri si Kukaa Bure: Meji na Mpiganaji Ndani ya Skyrim

Mimi na mdogo wangu tunagawana laptopu moja hapa Kirumba, na jioni nyingi zinaishia kwenye Skyrim, gemu la 2011 ambalo hadi leo halijatuchosha. Tunapokezana, kila mtu na mhusika wake. Yeye ni mpiganaji, mimi ni meji, yaani anayepigana kwa nguvu za kimaajabu. Wengine husema mchawi. Mimi siwezi, kwa sababu huku Usukumani neno hilo limeua bibi za watu.

Kwa muda mrefu wote wawili tulicheza vibaya. Yeye aliamini kazi ya mpiganaji ni kumkimbilia adui na kushusha mapigo mazito mfululizo mpaka stamina, yaani pumzi ya kupigana, iishe. Mimi nilimwita atronaki wa moto, kiumbe wa kimaajabu anayempigania aliyemwita, nikajibanza nyuma ya nguzo, nikamwacha anipiganie. Siku moja dogo akaniuliza, "Kaka, sasa hapo unacheza wewe au anacheza yeye?"

Nikafungua ukurasa wa ujuzi. Ujuzi wangu wa kurusha moto ulikuwa umebaki palepale. Katika Skyrim ujuzi hukua kwa kutumika, kwa hiyo atronaki akiua, moto wangu haupati kitu. Kinachokua ni ujuzi wa kuita viumbe, basi. Kwa mpiganaji mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi hawaangalii: ujuzi wa deraya nzito hukua unapopigwa, na wa kukinga hukua unapopokea pigo kwa ngao. Mpiganaji anayesubiri analipwa kwa kusubiri kwake. Meji anayejificha halipwi.

Ndiyo maana nilimshauri dogo aache kuanza yeye. Inua ngao, mwache adui aje. Ukimwona anavuta silaha kwa pigo zito, mgonge kwa ngao: pigo lake linakatika, anayumba, na upanga wako unapata nafasi. Pigo zito hula stamina, kugonga kwa ngao pia, lakini pigo la kawaida halili. Basi stamina itunze kwa ajili ya sekunde ile moja. Tangu aanze hivyo, dawa zake za kuponya majeraha zinabaki mfukoni.

Upande wangu nilifundishwa na wavuvi wa dagaa. Siku za giza, ukisimama ufukweni usiku, taa zao ziwani zinaonekana kama mji mwingine. Mvuvi aliyewasha taa hajalala. Anasubiri dagaa wajikusanye, ndipo wavu uvutwe. Atronaki ndiye taa yangu. Ukianza kumwita hudumu sekunde 60 tu, kwa hiyo mweke mbele kabisa, mbali na wewe. Maadui wakishamzunguka, rusha katikati yao tufe la moto linalolipuka. Mlipuko unaenea futi 15, naye atronaki wa moto hadhuriki kwa moto. Ila ukiwa na mwenzako wa safari, mwangalie yuko wapi, maana yeye ataungua.

Usimalize majika, ile akiba ya nguvu za meji, kwa vimiali vidogovidogo, kwani majika vitani hurudi polepole kuliko ukiwa umetulia. Na chagua unachorusha. Draugr, wale wafu wanaotembea makaburini, wanaihimili barafu, usiwapotezee. Lakini jambazi mwenye shoka kubwa mpige barafu bila kusita: inampunguza mwendo na kumla stamina, na bila stamina hana pigo zito la kukuvunja nalo. Hapo umemwamulia vita hata kabla hajakufikia.

Kosa moja bado linanisumbua. Namwita atronaki mapema mno, mlangoni, kabla sijajua maadui ni wangapi, na zile sekunde 60 zinaisha tukiwa bado kwenye korido. Siku hizi nainama kwanza gizani, nahesabu vichwa, ndipo nawasha taa.