Tyubu za kawaida kwa tangi lenye mimea: nilivyotengeneza taa yangu na nilipokosea

Mkuu, umeuliza kama tangi lako la samaki na mimea ya majini, la sentimita 80 kwa 35, kimo 40, linaweza kuwashiwa tyubu za kawaida zile za maofisini na madarasani, kwa sababu taa "maalum ya mimea" uliyoonyeshwa inataka kuzidi bei ya tangi lenyewe. Linaweza. Mimi nina mwaka wa sita na tyubu hizo juu ya tangi linalokaribiana na lako, na mimea imeota hadi nagawia watu. Ila nilianza vibaya, kwa hiyo nitakupa na makosa yangu, maana yalinigharimu kuliko taa.

Tyubu kwanza. Ichukue mkononi usome maandishi madogo ya pembeni. Ukikuta 18W/865, hiyo 18 ni wati. Nane inayofuata inakuambia taa inaonyesha rangi za vitu kwa uaminifu wa 80 kwenda juu katika 100, na 65 ni kelvini 6500, yaani weupe wa mchana. 840 ni kelvini 4000, weupe ulioingia umanjano kidogo. Namba ikianza na 7, au ukikuta 54 peke yake, hiyo ni tyubu iliyopakwa ndani unga wa kizamani. Bei yake inavutia, lakini kwa wati zilezile 18 inatoa kama lumeni 1,050 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka), wakati ya 865 inatoa kama 1,300. Umeme unaolipia ni uleule, kwa hiyo hapo usibane.

Hiyo ya mimea, yenye mwanga wa waridi, nayo niliwahi kuwa nayo mwaka mzima, sambamba na 865. Mantiki yake ipo: klorofili hunyonya zaidi bluu na nyekundu, kijani kingi kikarudishwa, ndiyo maana jani tunaliona kijani. Lakini 865 nayo inatoa bluu, kijani na nyekundu ya kuelekea chungwa, na mmea hauulizi mwanga umetoka kwenye boksi gani. Nilichoona kwangu ni kwamba samaki wekundu walipendeza zaidi. Mimea haikuonyesha tofauti yoyote. Ilipoungua sikununua nyingine.

Tangi lako kwa vipimo ni lita 112. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji ni kama 100. Tyubu mbili za wati 18, zile nene za milimita 26 na urefu wa sentimita 60, zinakupa wati 36, yaani kama theluthi ya wati kwa kila lita. Hesabu hii ya wati kwa lita ni ya enzi za tyubu. Usiipeleke kwenye taa za LED, na hata kwa tyubu inapotea kwenye tangi dogo sana au lenye kimo kikubwa sana. Kwa tangi la kimo cha 40 inatosha kuanzia. Utaotesha anubias, kangaga la Java (Java fern), cryptocoryne, vallisneria na moss bila shida. Ile mimea mifupi ya kutandaza zulia mbele, kama glossostigma, isahau kwa sasa. Kona mbili za pembeni zitabaki na giza kidogo kwa kuwa tyubu ni fupi kuliko tangi kwa sentimita 20, na anubias anapapenda hapohapo. (Usimfukie shina lake kwenye changarawe, linaoza. Mfunge kwa uzi kwenye jiwe.)

Sasa penye utamu. Tyubu inamwaga mwanga pande zote, na karibu nusu yake inakwenda juu kwenye kifuniko. Kifuniko changu cha kwanza kilikuwa mbao nilizozipaka rangi nyeusi, ndani na nje, kwa sababu niliona zinapendeza. Nikalalamika mwanga hautoshi. Nikaongeza tyubu ya tatu, kisha ya nne, kabla mtu hajanishauri nipake nyeupe ndani. Nilipopaka niliweka simu yenye programu ya kupima mwanga kwenye sakafu ya tangi likiwa tupu, palepale nilipoiweka kabla ya kupaka, na namba ilipanda kiasi kwamba nilirudia kipimo nikidhani nimekosea. Kopo moja la rangi nyeupe ya kawaida, makoti matatu, ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote nilivyowahi kununua kwa ajili ya tangi. Isilazimike kung'aa. Weupe mfu unarudisha mwanga vizuri sana.

Wengi watakuambia ubandike karatasi ya alumini ya jikoni. Niliijaribu. Inakunjamana, gundi inaachia kwa joto na unyevu, kisha siku moja inaning'inia karibu na ncha za tyubu, na alumini inapitisha umeme. Niliibandua yote. Unaweza kuongeza kipande cha bati jembamba lililopakwa nyeupe, ukalikunja kama paa dogo katikati ya tyubu mbili, ili mwanga wa moja usigonge mwenzake ukarudi. Ziache nafasi pia. Zikibanana zinatiana kivuli.

Balbu zile zilizojisokota za kuokoa umeme zinafanya kazi kwenye tangi dogo, na balbu ya wati 23 inatoa lumeni kama 1,400, lakini mwanga mwingi unapotelea ndani ya mizunguko yake yenyewe. Kwa sentimita 80 utahitaji tatu au nne na bado utakuwa na madoa ya mwanga na giza. Tyubu nyembamba za milimita 16 ni kali zaidi, ila pini zake na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) ni tofauti, hazikai kwenye fremu za tyubu nene.

Kwenye kufunga, mtego ulionipotezea wiki nzima ni huu. Kwa umeme wa volti 220 hadi 240, tyubu mbili za wati 18 zinaweza kutumia choki moja (balasti ya kizamani) ya wati 36, kila tyubu na stata yake, kile kidude kinachoianzisha kuwaka. Lakini stata ziwe zile zilizoandikwa 4–22W. Mimi nilitia za 4–65W, ambazo ni za tyubu inayokaa peke yake, tyubu zikawa zinapepesa bila kuwaka, nikabadilisha choki, nikabadilisha tyubu, kumbe ni stata tu. Balasti ya kielektroniki inaondoa kadhia hiyo yote, haina stata, haipepesi, haipati joto sana, ila unyevu unaiua upesi. Ya aina yoyote iweke nje ya kifuniko, ukutani au kwenye kabati la chini. Choki inatoa joto, na joto juu ya maji hulihitaji.

Na hapa ndipo bei nafuu inapokoma. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa ya bati, imetolewa ofisi iliyohamia LED, nikaifunga juu ya tangi bila waya wa ethi kwa sababu "itakuwa ya muda". Jioni moja nilikuwa na mkono majini nikichomeka vallisneria, kiwiko cha mkono wa pili kikagusa fremu. Nilitekenywa hadi begani. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye kishikio cha tyubu na bati lote lilikuwa na umeme. Tangu siku ile bati lolote lina ethi, tangi lote linapita kwenye swichi inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30, na plagi inachomolewa kabla mkono haujaingia majini. Waya nao uache ushuke chini kuliko soketi kisha upande, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Vishikio tafuta vile vyenye vifuniko vya mpira, au chukua fremu za nje zenye mfuniko wa plastiki usiopitisha maji. Mimi niliweka pia kioo kati ya maji na tyubu. Kinahitaji kufutwa kila wiki, la sivyo chokaa inakigeuza pazia. Kama hujawahi kufunga umeme, mwite fundi kwa hatua hii peke yake. Kupaka rangi na kukata mbao utafanya mwenyewe.

Umesema pia unafikiria kufunga nne "ili mimea ikue haraka". Nimeshakuambia nilifikia nne. Baada ya kupaka nyeupe sikuondoa hata moja, nikaziwasha saa 12 kwa siku. Wiki ya tatu majani yote yalikuwa yamevaa nywele za kijani na kioo kina ukoga. Mwanga ndio unaoamuru mmea utakula kwa kasi gani. Ukiuzidisha bila kaboni dayoksaidi wala mbolea ya kutosha, mmea unasimama kwa njaa na mwani ndio unaobaki ukila. Nilirudi kwenye mbili, saa sita kwa siku kwa taima, nikang'oa nywele kwa mswaki wa zamani, na ilichukua karibu miezi miwili kutulia. Sasa niko saa nane. Wewe anza na sita, na ukiongeza ongeza nusu saa kila baada ya wiki mbili. Taima ni lazima, kwa sababu binadamu tunasahau.

Mwisho, tyubu zinaondoka sokoni. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingiza sokoni hizi nene na nyembamba Agosti 2023, na mwaka huohuo nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa zebaki, zilikubaliana kumaliza utengenezaji wake ifikapo 2027. Kwa sasa maana yake ni kwamba fremu za bure ni nyingi, kila jengo linalobadilisha linazitupa. Chukua na tyubu za akiba mbili tatu za 865. Siku utakayohamia tyubu za LED, soma mchoro wake wa waya kabla ya kuichomeka: nyingine zinataka choki iondolewe kabisa, nyingine zinakuja na stata yao ya bandia. Na tyubu ikivunjika, fungua madirisha, okota kwa karatasi ngumu, usipitishe mashine ya kufyonza vumbi, zebaki itasambaa chumba kizima.

Tyubu zangu naziandika tarehe niliyozifunga kwa kalamu ya wino kwenye ncha ya chuma, na wakati wa kubadilisha nabadilisha moja kwanza, ya pili baada ya wiki tatu, ili mimea isishtuliwe na mwanga mpya kwa mkupuo. Tupia hapa picha ya kifuniko ulichonacho nikuonyeshe choki ikae wapi.