Maswali ya Wasomaji: Hofu Ndani ya Nyumba Moja

Swali: Tunaandaa filamu ya dakika 80 kuhusu mwanamke anayeanza kutilia shaka akili yake mwenyewe. Nyumba ni moja, waigizaji watatu, fedha kidogo. Sini za usiku tulizojaribu zimejaa chenga, yaani vidoadoa kwenye picha. Tukodi kamera kubwa zaidi?

Jibu: Hapana, kodini taa. Chenga hutokea nuru inapokuwa haba na kamera ikalazimishwa kuikuza kwa kupandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wake wa kuhisi nuru. Giza la kwenye skrini hutengenezwa kwa taa: pigeni picha ikiwa na nuru zaidi kidogo kuliko mnayoitaka kwenye filamu, kisha ishusheni mnapohariri. Taa moja iwe ubavuni au nyuma kidogo ya mwigizaji, upande wa uso unaoelekea kamera ubaki kivulini, na ndani ya fremu kiwepo kitu kimoja kinachong'aa, hata taa ya mezani, ili jicho lipate cha kulinganishia weusi. Kikikosekana, mtazamaji haoni usiku, anaona picha iliyokosewa.

Adui mwingine ni kuta nyeupe, kwa sababu zinarudisha nuru na kufuta vivuli. Msogezeni mwigizaji mita 2 kutoka ukutani na tundikeni kitambaa cheusi nje ya fremu, upande wa kivuli. Kwa umeme wa hezi 50, shata (muda ambao kamera hupokea nuru kwa kila picha) iwe 1/50 ya sekunde. Kwa hezi 60, iwe 1/60. Mkikosea hapo taa zitapepesa kwenye picha, na kuliondoa tatizo hilo baadaye ni kazi nzito.

Swali: Mhusika wetu anasikia mtu akitembea chumba cha pili. Tumeweka muziki wa kutisha, lakini kila tuliyemwonyesha anasema alijua mapema kitakachotokea.

Jibu: Muziki ndio uliomwambia. Uondoeni wote kwenye sini hiyo.

Aina hii ya filamu husimama au kuanguka kwa sauti, na sauti nzuri inaanzia siku ya kupiga. Maikrofoni ikae juu ya mwigizaji, sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni. Ikibaki juu ya kamera italeta mwangwi wa chumba kuliko maneno. Mablanketi mazito sakafuni na kutani, nje ya fremu, hupunguza mwangwi huo. Vilele vya sauti vifike karibu desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti, maana sauti iliyopasuka haitengenezeki. Zimeni friji, na funguo za gari ziacheni humo ndani ili asiwepo wa kuondoka bila kuiwasha tena. Kisha rekodini sekunde 60 za ukimya wa kila chumba, watu wote wakiwa kimya palepale walipo. Bila ukimya huo, kila mkato wa uhariri utasikika.

Sasa tengenezeni hofu. Rekodini mngurumo wa friji peke yake, uwekeni chini ya mazungumzo, na upandisheni taratibu kwa dakika 3 au 4 hivi kwamba hakuna anayeutambua. Ukateni ghafla kabla ya hatua ya kwanza kusikika. Hatua zenyewe ziwe chache na hafifu. Jambo la kulinda kuliko yote: mwigizaji mwingine asigeuze kichwa. Akigeuka, sauti ipo kweli na shaka imekufa. Akikaa kimya, mtazamaji anabaki hajui amwamini nani.

Swali: Siku 12 za kupiga filamu zinatosha?

Jibu: Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja, kwa hiyo mtapiga karibu kurasa 7 kwa siku. Inawezekana kwa sababu hamhami, ila mazoezi yaishe kabla. Christopher Nolan alipotengeneza *Following*, iliyotoka mwaka 1998, waigizaji walifanya mazoezi mengi ili teki moja au mbili, yaani kupiga sini mara moja au mbili tu, zitoshe, kwani ukanda wa filamu wa milimita 16 ni ghali.

Mtapanga siku kwa vyumba, si kwa mfuatano wa hadithi, na hapo ndipo uigizaji huharibika: asubuhi mhusika ametulia, mchana amevurugika, halafu sini hizo zinakuja kufuatana. Mpeni kila sini namba, 1 hadi 10, ya hali ya akili yake, na pembeni andikeni nywele, nguo na majeraha. Mwigizaji aisome namba hiyo kabla ya kila teki. Sini ngumu kuliko zote iwekeni siku ya 5 au ya 6, timu ikiwa imezoeana na bado haijachoka. Kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti, zimefunguliwa na kutazamwa.