0.60 ya hopeni haisemi mwamba umeiva kiasi gani

Vijana wa maabara, nimemaliza kupitia ripoti zenu, na kosa lilelile la kila mwaka limerudi: mnasoma vibaya bayomaka (molekuli za viumbe wa kale zilizobaki mwambani) mnapopima jinsi joto la ardhini lilivyouivisha mwamba. Nawapenda, kwa hiyo leo nasema bila kuzunguka.

1. Hopeni za C31 (bayomaka za bakteria, zenye kaboni 31). Mnapima 22S/(22S+22R), yaani sehemu ya molekuli zenye umbo la 22S badala ya 22R, mnapata 0.60, papo hapo mnaandika "mwamba umefika kilele cha kutoa mafuta". Jamani! Viumbe hutuachia umbo la 22R. Joto hugeuza sehemu yake kuwa 22S mpaka uwiano ufike kati ya 0.57 na 0.62, kisha unagota. Na unagota mapema, mwamba ukiwa ndio kwanza unaanza kutoa mafuta. Maji yakishachemka, ongeza kuni utakavyo, hayazidi moto. Vitriniti (vipande vya mimea ya kale ambavyo mng'ao wake huongezeka mwamba ukizidi kuiva) ikiwa 0.7% au 1.0%, hopeni zitakupa 0.60 ileile.

Mwenzenu mmoja alipanga sampuli za kisima kizima kutoka juu hadi chini. Namba zikawa zinachezacheza: 0.59, 0.61, 0.58. Akaona ukomavu "unapungua" kadiri kina kinavyoongezeka, akachora ufa mkubwa wa miamba kueleza hilo, na ufa ukaingia kwenye ramani ya timu. Aliutetea kwa moyo wote, maskini. Tulipofungua m/z 217 (chati inayoonyesha stereni) kwenye faili lilelile, stereni za C29, bayomaka nyingine zenye kaboni 29, zilikuwa zikipanda vizuri na kina kwa 20S/(20S+20R), uwiano wao wa aina hiyohiyo, kwa sababu zenyewe hugota baadaye, karibu 0.52 hadi 0.55. Ufa haukuwepo. Kulikuwa na kelele za kipimo tu, na jibu lilikuwa mezani tangu asubuhi. Kufuta ule mstari kulimuuma, nami niliumia naye.

2. Ts/(Ts+Tm), uwiano wa hopeni mbili, Ts na Tm, unaopanda mwamba ukiiva: linganisheni miamba ya aina moja tu. Udongo wa mfinyanzi huupandisha, chokaa huushusha, hata joto likiwa sawa.

3. Stereni nazo zikigota, nendeni kwenye fenanthreni zenye methili (molekuli zinazoendelea kubadilika joto likizidi).

4. Mwamba ulioiva kupita kiasi hubakiwa na bayomaka chache mno, kwa hiyo uchafu kidogo unatawala kromatogramu (chati ya kipimo) nzima. Mkiona hopeni changa, zenye 22R nyingi, ndani ya mwamba wa vitriniti 1.5%, ulizeni kwanza wachimbaji kama waliweka lignaiti (makaa ya mawe machanga) kwenye tope la kuchorongea. Wanaiweka mara nyingi, na hawatawaambia msipouliza.

Ripoti isiyo na Tmax (halijoto ambayo mwamba ukipashwa moto maabara hutoa hidrokaboni nyingi zaidi) na vitriniti kando ya bayomaka sitaisaini. Zile tatu za jana nimeshazirudisha kwenye meza zenu.