Ukitaka kuchora shujaa mweusi, usianze na ngozi

Vijana wanaoniletea michoro yao ya katuni hapa Mwanjelwa huja na shujaa yuleyule: mweusi, kajaa misuli, joho linapepea, anaruka juu ya maghorofa ambayo Mbeya hatuna. Rangi wamebadili, hadithi wameiacha kama walivyoikuta. Huwa nawauliza jambo moja kabla sijasifia mkono wao: huyu mtu anadaiwa nini, na nani?

Mtazame Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Stan Lee na Jack Kirby, Wazungu wawili wa Marekani, walimbuni mwaka 1966, na kutokea kwake tu lilikuwa jambo kubwa. Ila kwangu alianza kunoga mwaka 1973, mwandishi Don McGregor alipomrudisha Wakanda ndani ya Jungle Action, jarida lililokuwa likichapa upya hadithi za Wazungu mashujaa wa porini. Hapo anakutana na Killmonger, na huyu hakuja kuvunja benki. Mfalme alikuwa Marekani akipigana vita vya wengine huku kwake kukiungua, kwa hiyo adui ana hoja, na wananchi wengine wanaiafiki. Kisha anamtupa mfalme kwenye maporomoko. "Ulikuwa wapi?" ni swali ambalo Batman haulizwi. Sisi wenye ndugu Dar wanaoonekana misibani tu tunalijua vizuri.

Miles Morales naye, Spider-Man wa mwaka 2011, baba mweusi na mama wa Puerto Rico. Kabla buibui hajamuuma anapata nafasi ya shule kwa bahati nasibu. Mama anashangilia, yeye anawaona watoto waliokosa. Aliyewahi kusimama mbele ya majina ya waliochaguliwa, jirani yake hayumo, hahitaji kuelezwa zaidi. Nguvu za buibui zinakuja baadaye, na zinamkuta mtu tayari.

Storm wa mwaka 1975, mwanamke wa kundi la X-Men anayeamuru mvua na radi, nampenda, lakini utambulisho wake unanichekesha. Yuko Kenya, wanakijiji wasio na majina wanamsujudia awape mvua. Mtu ampeleke Tukuyu akaone. Kule muujiza ni kuisimamisha.

Wapo wanaosema kuongeza mashujaa weusi ndiko kumeharibu hadithi. Siwaafiki. Hadithi mbovu za mashujaa weupe zimejaa tele, na hakuna anayelaumu weupe wao. Kuna kosa moja tu ninalowakubalia: mwandishi anapoogopa kuudhi, shujaa mweusi anageuzwa mgeni rasmi, hakosei, hatukani, hana wivu. Huyo hasomeki.

Dawa yake waliionyesha mwandishi Dwayne McDuffie na wenzake walioanzisha Milestone, kampuni ya katuni, mwaka 1993. Usichore mweusi mmoja, chora wengi. Akiwa peke yake anabeba sura ya watu wote; wakiwa wengi, mmoja anaweza kuwa mwizi, mwingine bahili, mwingine mjinga wa mapenzi. Katika Icon, mojawapo ya katuni zao, shujaa ni wakili tajiri mwenye msimamo mkali wa kujitegemea. Raquel, binti maskini, anaingia nyumbani kwake na genge la wezi, kisha ndiye anayemtia adabu: una nguvu zote hizi, umewafanyia nini watu wako? Weusi wawili, wanabishana kurasa kwa kurasa, na wote wana haki kidogo.

Kwa hiyo ukikaa kuchora, waandike kwanza watu watatu wanaomfahamu shujaa wako na wasiokubaliana kuhusu yeye. Halafu mpe nguvu inayomgharimu pale anapoishi. Binti mmoja ananichorea msichana wa Ilula anayesikia breki za lori zinazokaribia kufeli kabla halijashuka mteremko wa Kitonga. Mama yake anauza nyanya barabarani. Akimwonya dereva na lori likapinduka kweli, watasema kaliroga, na nani atanunua tena nyanya za mama? Mchoraji bado hajaamua kama mama atamnyamazisha. Nimemwambia asiguse kalamu ya wino hadi ajue.