Kabla hujaandika "gavana apiga marufuku bunduki"

Juzi niliwapa vijana wanne wapya wa dawati letu la kimataifa zoezi moja: faili la New Mexico la Septemba 2023, lile la gavana Michelle Lujan Grisham na bunduki. Dakika arobaini, taarifa ya sekunde tisini. Watatu walianza hivi: "Jimbo la New Mexico limepitisha sheria inayopiga marufuku umiliki wa silaha." Wa nne hakutaka mambo madogo, yeye akaandika "Marekani". Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu sentensi ya wale watatu naijua. Niliiandika mimi, ikasomwa hewani.

Basi haya ni yenu, wadogo zangu. Mna vipaji kuliko tulivyokuwa sisi, na Kiingereza chenu kimenyooka. Lakini mnakimbia mno.

1. Someni amri yenyewe, siyo habari ya amri.

Mmeshaambiwa hili mara mia, na mara mia mmeitikia "ndiyo, dada". Ngojeni niwaeleze kwa nini nalirudia.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2023. Siku mbili nyuma, mtoto wa miaka 11 alikuwa ameuawa kwa risasi akiwa kwenye gari na familia yake, wanatoka kwenye mechi ya besiboli mjini Albuquerque. Gavana akatangaza dharura ya afya ya umma, na chini ya dharura hiyo Waziri wa Afya wa jimbo, Patrick Allen, akatia saini amri ya siku 30. Kwetu ilikuwa tayari Jumamosi alfajiri. Niko peke yangu zamu, taarifa ya saa kumi na mbili inanijia, mashirika ya habari yametuma aya tatu. Amri ilikuwa kurasa chache tu, imewekwa wazi kwa yeyote. Sikuifungua.

Nikaandika kwamba New Mexico imepitisha sheria inayomkataza mtu yeyote kumiliki silaha. Hesabuni makosa. Haikuwa sheria, maana bunge la jimbo halikupiga kura yoyote. Haikuwa jimbo zima: amri iliweka vipimo, kimoja cha uhalifu wa kutumia nguvu, visa 1,000 kwa kila wakazi 100,000 kwa mwaka, na kingine cha majeruhi wa risasi wanaofikishwa hospitali, na waliovifikia ni Albuquerque na kaunti yake ya Bernalillo peke yao. Haikuwa kumiliki, ilikuwa kubeba, iwe wazi au kwa kificho. Nyumbani kwako ruksa. Dukani kwa muuza silaha mwenye leseni ruksa. Kwenye uwanja wa shabaha ruksa, na njiani kwenda huko ruksa mradi silaha imefungiwa. Na wala haikuwa "yeyote". Sentensi ileile iliyoweka katazo iliwatoa kwanza polisi na walinzi wenye leseni.

Walinzi wenye leseni.

Jumatatu ikaingia simu. Mwanamume wa Kivu Kusini, mkimbizi wa zamani, anaishi Albuquerque na ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, mwenye leseni ya kulinda kwa silaha. Binamu yake wa Bukavu alikuwa amerekodi taarifa yetu na kumtumia kwa WhatsApp. Kule Albuquerque bado ilikuwa Ijumaa, saa tatu usiku, na zamu yake inaanza saa nne. Akasikia, akatii. Huyu ni mtu aliyekimbia watu wenye bunduki. Sheria ya nchi iliyompokea haichezei. Bastola akaifungia kabatini, akaenda kazini mikono mitupu. Msimamizi akamrudisha, kwa sababu lindo lile ni la mtu mwenye silaha. Jumamosi ikawa hivyohivyo. Malipo ya siku mbili yakaenda, na barua ya onyo juu.

Hakupiga simu kugomba. Aliniambia tu, "Mama, mulisema kila mutu." Halafu akauliza kama ipo karatasi yoyote anayoweza kumwonyesha bosi wake. Ilikuwepo. Ndiyo ileile nisiyoifungua. Nikaifungua palepale, simu sikioni, nikawa namtafsiria mstari kwa mstari, na nilipofika kwenye "isipokuwa" akaniambia nisimame, nirudie. Nikarudia. Akasema asante. Ile asante sijaisahau hadi leo. Tulisahihisha hewani siku hiyohiyo, lakini masahihisho yetu hayakuifuta barua ya onyo kwenye faili lake.

Tangu hapo, nikishika amri yoyote ya gavana, naanza na wanaotolewa, ndipo nasoma wanaokatazwa.

2. Majina ya mamlaka.

Ukisema "gavana", msikilizaji wa Kisumu anamwona gavana wa kaunti. Ukisema "jimbo", wa Dodoma anasikia jimbo la mbunge. Sentensi moja ya ufafanuzi inatosha. Na neno "serikali" lisisimame peke yake kwenye habari ya Marekani: ni ya jimbo, au ni ya shirikisho.

3. Ulizeni amesimama juu ya nini, na nani anaweza kumzuia.

Hapa ndipo habari yenyewe ilipo, na hapa ndipo mnapokata ili sekunde zitoshe. Wamarekani wanaposikia gavana akitaja "dharura" na "silaha" katika pumzi moja, wengi wanakumbuka New Orleans mwaka 2005. Baada ya kimbunga Katrina polisi walipita wakiwanyang'anya silaha wananchi waliobaki mjini, wakiwemo waliozimiliki kihalali, mpaka mahakama ya shirikisho ikawazuia Septemba ya mwaka huohuo. Mwaka 2006 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuzuia unyang'anyi wa namna hiyo wakati wa maafa, na majimbo mengi yakaandika za kwao, yakimwambia gavana wazi kwamba madaraka yake ya dharura hayafiki kwenye bastola ya mtu.

Virginia ni mojawapo. Hata hivyo Januari 2020 gavana Ralph Northam alizuia silaha kwenye viwanja vya makao ya bunge mjini Richmond kabla ya maandamano ya tarehe 20, na mahakama zikaiacha amri yake isimame. Uwanja mmoja, siku chache. Lujan Grisham alichukua mitaa ya mji mzima kwa mwezi, tena mwaka mmoja tu baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bruen ya Juni 2022, kuamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba raia ana haki ya kubeba silaha nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Tarehe 13 Septemba jaji David Urias wa mahakama ya shirikisho akaweka zuio la muda. Siku mbili baadaye gavana akaipunguza amri, ikabaki kwenye bustani za umma na viwanja vya michezo ya watoto.

Mimi uchungu wa gavana yule nauelewa. Mtoto wa miaka 11! Lakini madaraka yanayolipita bunge kwa sababu njema leo, hayarudi kabatini sababu hiyo ikiisha. Ndiyo maana mipaka ya madaraka hayo iingie kwenye aya ya pili ya habari yenu, isisubiri aya ya nane.

4. Msiwakate waliokataa.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Raúl Torrez, Mdemokrati kama gavana wake, aliandika kwamba hataitetea amri ile mahakamani. Sherifu wa Bernalillo, John Allen, akasema maofisa wake hawataitekeleza. Mmoja wenu aliwafuta wote wawili akaniambia, "Dada, majina yalikuwa mengi." Mdogo wangu, hao ndio habari! Kwetu Mwanasheria Mkuu anateuliwa na rais, kwa hiyo msikilizaji wako anashangaa mtu huyu anamkatalia bosi wake vipi. Mwambie: kule Torrez kachaguliwa na wananchi, na sherifu vilevile. Gavana hana kalamu ya kuwafukuza.

5. Tarehe ni tatu: ya kusainiwa, ya kuanza, ya kwisha.

Massachusetts itawafundisha. Gavana Maura Healey alisaini sheria mpya ya silaha tarehe 25 Julai 2024, ianze baada ya siku 90. Wapinzani wakaanza kukusanya saini za wananchi ili isimamishwe hadi wapiga kura waamue. Tarehe 2 Oktoba Healey akaongeza tamko la dharura, sheria ikaanza siku ileile, na njia ya kuisimamisha ikafungwa. Kura ya wananchi bado ingewezekana, ila huku sheria inafanya kazi. Siku ile mwenzetu mmoja aliitupa habari akisema, "Hii ilishasainiwa Julai."

6. Kama hati inahusu kila silaha ya moto, usiandike "bunduki" peke yake. Bastola nayo imo.

7. Zuio la muda siyo hukumu. Jaji hajafuta kitu, amesimamisha.

Alhamisi saa tatu asubuhi tunarudia zoezi. Amri nimeichapa nakala nne. Mje na kalamu nyekundu, na kabla ya kuandika neno lolote mniwekee duara kila panapotolewa mtu au mahali.